Ukoko

Kifurushi kililetwa Jumanne, nikiwa na grisi ya tramu hadi viwikoni.
Ndani, santuri moja, nzito kuliko nilivyotarajia,
na barua ya Zdena, bintiye fundi mitambo:
"Mzee Radim, nimezikuta kanda kwenye stoo ya baba,
nyuma ya mitungi ya matango ya siki.
Nimetoa nakala mia tatu. Hii ni ya kumi na tisa.
Naamini ngoma ni zako."

Ngoma ni zangu.

Jalada halina sura zetu. Kuna mlango tu,
ule wa chini ya dobi, kule Židenice, Brno,
tuliouziba kwa godoro ili mjumbe wa mtaa asisikie
vijana wanne wakiiparura Jumapili.
Ukutani trei za mayai. Juu yetu mashine za kufulia
zikikoroma, zikikamua mashuka ya hospitali,
na bomba moja likidondosha maji kwa mapigo
yaliyonyooka kuliko yangu.
(Wewe ulisema hivyo, Drahoslav. Ulimi wako upupu.)

Tuliitwa Mokrý Prach, baruti iliyolowa.
Mwaka uliofuata mliwaka. Mimi sikuwepo.
Rekodi ile inayojulikana, iliyopita mkono kwa mkono,
ikanakiliwa na kunakiliwa hadi ikawa uji wa mgonjwa,
ina mpiga ngoma mwingine, kijana wa Olomouc,
mtulivu, saa ya ukutani.
Kosa langu lilikuwa moja: "Unakimbia, Radim."
Miaka arobaini na mitatu nimekana.
Nimekana kwa mke wangu wa kwanza, nimekana kwa wa pili,
na kwa daktari wa meno, shabiki wenu, kinywa kimejaa pamba.
Sikukimbia. Ctibor na gitaa lake ndio walioburuta miguu.

Basi nikaweka sindano.

Kwanza si muziki. Kiti kinasogezwa.
Miluše anapapasa besi yake kama anayetafuta funguo gizani.
Mtu anakohoa. Ni wewe,
kikohozi kilekile kilichokuja kukuchukua,
hapa bado kichanga, bado cha sigara tu.
Kisha unasema, "Tena."
Tena, wimbo wa pili. Tena, wa tatu, uzi umekatika.
Wa nne hauna maneno, hujayatunga bado,
unaimba namba za tramu na jina la mbwa wa fundi,
na unaliimba jina hilo kwa uchungu
ambao baadaye, ulipopata maneno, ulikupotea.

Kanda yenyewe ilikuwa ya wizi, kutoka redio.
Tunapokoma sisi, chini yetu wanachungulia
matarumbeta ya wachimba makaa,
na mwanamke anasoma bei ya viazi kwa sauti ya kanisani.
Zdena hakuwafuta. Mungu ambariki.

Upande wa pili, wimbo wa saba.
Ule.
Nimekaa wima kama mshitakiwa.
Moja, mbili, sauti yangu, nyembamba, ya mtoto wa watu,
na tunaanza kwa adabu,
na kwenye ubeti wa pili nakimbia.
Nakimbia! Hakuna shaka, hakuna wakili.
Nakimbia kama aliyeiba mkate,
Miluše ananifuata, kisha Ctibor, akitukana,
na wewe nyuma kabisa, unahema, unacheka katikati ya neno,
hulimalizi neno,
na juu huko bomba la dobi, tone, tone,
limeachwa njiani na sote.
Dakika mbili na sekunde kumi na moja.
"Radim, wewe ni…" na mkasi.

Wali walikula wageni, mezani, kwa sahani.
Ukoko hukwanguliwa na waliobaki jikoni,
kwa kucha, wamesimama, wakiungua vidole.

Nimeicheza mara sita. Mke wangu amekwenda kulala.
Jibu la barua nimeliandika, nimelichana,
nimeliandika.
"Mpendwa Zdena. Ni kweli, nilikimbia.
Je, umebaki na nakala nyingine?
Miluše yu hai, anaishi Zlín, ghorofa ya tano, hana simu.
Nitaipeleka mwenyewe."